Vita vya Msumari Mmoja katika Baa ya Bata Bukini

Sogeeni, enyi wana wa Adamu mliojaliwa masikio mawili na walau moja likiwa bado linasikia! Aliyeinjika chungu na akiepue, mwenye kikohozi na akohoe sasa akimalize, na mwenye simu na aizime, kwa maana jambo litakalosimuliwa hapa ni zito, wala halitarudiwa kwa ajili ya wachelewaji. Watungaji wa kale, walipotaka kuimba vita, waliagiza kwanza wino mweusi na karatasi njema. Msimulizi huyu haagizi makubwa. Anaomba pumzi tu, kwa kuwa sentensi zake ni ndefu na mashujaa wake ni wazee, na akitua katikati huenda mmoja wao akasinzia.

Jueni basi kwamba katika jimbo la Surrey, kusini mwa London, ipo baa iitwayo Bata Bukini, na ndani ya baa hiyo ipo meza ya mviringo karibu na meko, na kwenye meza hiyo, kila Jumanne alasiri, mvua inyeshe isinyeshe, na kwa kweli hunyesha, huketi majemedari watatu ambao ndevu zao zimekuwa nyeupe katika kugombea jambo moja: ni nani kati ya wapiga gitaa wa Uingereza, wale walioichukua bluzi, muziki wa huzuni wa Wamarekani weusi, wakaipigia umeme mpaka madirisha yakalia, aliye mkuu kuliko wote.

Wa kwanza alikuwa Neville Skeggs, Mnguruma wa Njia Panda, mtahini wa madereva mstaafu, aliyewaliza vijana barobaro na mabibi wenye vilemba vya manyoya, aliyewafelisha makasisi wawili na mke wake mwenyewe. Yeye alikuwa mtu wa Eric Clapton. Wa pili alikuwa Colin Babbage, Mng'oa Magego, daktari wa meno mstaafu, ambaye kwa kuzoea kuzungumza na watu walioachama hakuwahi kujifunza kungoja jibu. Yeye alikuwa mtu wa Jeff Beck. Jeshi la Jimmy Page nalo lilikuwapo zamani, chini ya amiri mmoja aitwaye Dudley, lakini Dudley alihamia Hispania kwa ajili ya goti lake na jeshi likasambaratika.

Na wa tatu, ambaye ndiye mwenye hadithi hii, alikuwa Roy Tidmarsh, Mtandika Mazulia, Simba wa Magoti, ambaye hapakuwa na sebule wilaya nzima ambayo hakuipigia magoti akiwa na nyundo mkononi na misumari midogo mdomoni. Kwa kufanya kazi na misumari mdomoni maisha yake yote, alikuwa mtu wa maneno machache. Yeye alikuwa mtu wa Peter Green, na alikuwa peke yake.

Sasa sharti mzijue sheria mbili za nchi ile, maana bila hizo hamtaelewa ukubwa wa yaliyotendeka. Hazijaandikwa popote, na hakuna azivunjaye. Sheria ya kwanza: mtu hajipigii debe. Afadhali avue suruali kanisani kuliko kujisifu mbele ya wenzake. Sheria ya pili: sifa haivuki maneno mawili, nayo ni "si mbaya". Mtu akijenga daraja kwa mikono yake mitupu, jirani atalitazama, atasafisha koo, atasema, "Si mbaya," na mjenzi atarudi nyumbani akilia kwa furaha, ingawa kwa ndani. Hakuna kipimo cha juu zaidi ya hicho. Neville Skeggs, kwa taarifa yenu, hakuwahi kumwambia mtu yeyote hata hicho.

Na Roy alikuwa na sababu ya kulijua hilo. Katika ujana wao, mwaka wa sitini na nane, wawili hao walikuwa bendi moja iliyoitwa Vinyozi wa Usiku, Roy kwenye gitaa, Neville kwenye ngoma. Siku moja walipiga katika ukumbi wa nyuma wa baa hiyohiyo ya Bata Bukini, na walipokuwa wakipakia ngoma kwenye gari la mikate la mjomba wake Neville, Neville alifuta jasho akasema, "Roy, ndugu yangu, tuambiane ukweli. Wewe si Clapton."

Zilikuwa ni siku ambazo kwenye kuta za London watu waliandika kwa rangi kwamba Clapton ndiye Mungu, kwa hiyo ukilitazama kwa haki, neno lile halikuwa tusi. Roy alijibu, "Ni kweli." Akaenda nyumbani, akaliweka gitaa chini ya kitanda, baadaye juu ya dari, na Jumatatu iliyofuata akapiga magoti kwenye zulia lake la kwanza. Lakini neno lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Halikumuua, ila hakuna tonge lililopita bila kuligusa. Neville mwenyewe, Roy aliamini, alikuwa amelisahau kabla ya kifungua kinywa.

Basi ikatukia katika mwaka wa vita hivi, majemedari wakiwa wamekwisha kuwa wazee, majira ya majani kupukutika, kwamba Maureen Pask, Malkia wa Mabomba ya Bia, binti na mrithi wa marehemu Ted Pask, aliipaka baa yake rangi mpya. Kabla ya hapo ukuta wa juu ya meko ulikuwa umejaa picha za wapiga gitaa zilizobanana bega kwa bega, na kila jemedari alikuwa na yake. Maureen alizitoa zote, akapaka ukuta rangi ya kijivu ambayo kwenye kopo iliitwa Ukungu wa Asubuhi, kisha akapigilia msumari mmoja katikati.

"Mmoja tu, wapenzi wangu," alisema, kwa maana yeye alimwita kila mtu mpenzi, hata mkaguzi wa afya. "Msumari mmoja, picha moja. Mkishakubaliana, nileteeni. Na ukuta wangu asiuguse mtu mwenye mikono ya krispi."

Mkishakubaliana! Ewe Maureen, uliwasha moto ukaenda zako kuosha bilauri!

Jumanne ile walifika mapema kuliko kawaida, kila mmoja na picha yake kwapani, Neville ameifunga ya kwake kwa plastiki yenye mapovu, Colin amebeba ya kwake ndani ya boksi la glavu za daktari wa meno, na Roy ameivika ya kwake foronya. Wakaketi. Wakanywa funda la kwanza kimya, kama ilivyo desturi ya majeshi kusalimiana. Kisha Neville akasimama, akashika ukosi wa koti lake kwa mikono miwili, akanena.

"Jamani, hivi kuna haja ya kubishana? Tuokoe muda, watu tuna dawa za kumeza saa kumi na mbili. Clapton ni Clapton. Anaipiga noti moja, anaiacha ipumue. Wenzake wanakimbia juu ya zile nyuzi kama wameacha pasi inawaka nyumbani. Yeye anatoa ishara, anatazama kioo, ndipo anakata kona. Hajawahi kunigongea ukingo wa barabara hata siku moja. Ningempasisha nikiwa nimefumba macho."

"Ndiyo maana umefumba!" Colin alidakia, akiwa bado na njugu mdomoni. "Unasinzia! Clapton anatazama kioo, Beck aling'oa kioo akakitupa nje ya dirisha. Mtu aliacha kutumia kile kipande cha kupigia nyuzi, akazishika kwa vidole vitupu, Neville, vidole vitupu! Kila akipanda jukwaani hujui atafanya nini, na yeye mwenyewe hajui. Noti yake inakuingia palepale penye tundu kwenye jino."

"Na kuuma inauma vilevile."

"Inatakiwa iume! Isipouma utajuaje kama una jino?"

"Colin, mimi nilikaa kwenye kiti chako cha kazi. Naijua ile sauti. Usiniambie hiyo ni muziki."

Wakamgeukia Roy, kama walivyofanya kila Jumanne, kwa huruma ya watu wanaomgeukia mgonjwa kumuuliza kama atakula kidogo. Roy akaifikicha foronya.

"Green hakuwa na noti nyingi," alisema. "Alikuwa na zile alizozihitaji. Ukimsikia ni kama mtu amekuja kukaa karibu nawe bila kuwasha taa. Hasemi kitu. Lakini yupo."

Kwa Roy hiyo ilikuwa hotuba ndefu, na alipoimaliza aliona haya akanywa bia.

"Mtu wa Bethnal Green!" Neville alinguruma, na bilauri zikatetemeka kwenye rafu. "London Mashariki! Sisi hapa Surrey tumemzaa Clapton. Tumemzaa Beck. Tumemzaa Page..."

"Page amezaliwa Heston," Colin alisema.

"Amekulia Epsom! Anahesabika! Hii ardhi unayoikanyaga, Roy, imetoa watatu, watatu, kana kwamba kuna kitu kwenye maji ya bomba. Na wewe unapanda treni unakwenda kuazima shujaa kwa watu. Huna kwenu?"

"Clapton alipoondoka kwenye bendi ya Mayall," Roy alisema polepole, "ni Green aliyeletwa kukalia kiti chake."

"Akakikuta bado cha moto!"

"Akakikalia vizuri zaidi."

Hapo ndipo vita vilipowaka kweli. Colin alipiga meza, Neville akaliita jina la kila kijiji cha Surrey kuja kushuhudia usaliti, mambo ya mwaka juzi yakafukuliwa, matusi ya heshima yakaruka huku na huko kama mishale, "Samahani bwana, lakini wewe ni kiziwi," "Kwa heshima zote, Colin, wewe ni mjinga," na mzee mmoja aliyekuwa akijaza fumbo la maneno kwenye pembe alichukua bia yake akahamia chumba cha pili. Wakasema lile ambalo hulisema kila mara wanapoishiwa na hoja, kwamba kila mmoja wao angemtambua mtu wake kwa noti moja, gizani, chini ya maji.

Kengele ya kaunta ikalia. Maureen Pask alikuwa amesimama nyuma yake, na mbele yake juu ya kaunta palikuwa na kinasa sauti cha zamani, kikubwa kama sanduku la safari, chenye magurudumu mawili ya tepu.

"Basi!" alisema. "Mmenichosha, wapenzi. Tangu baba yangu yuko hai nawasikia mnavyotambua kwa noti moja. Haya, leo nataka kuona. Tepu hii nimeikuta chini ya ngazi wakati wa kupaka rangi. Nitawapigia. Atakayemtaja anayepiga gitaa, msumari ni wake, apandishe picha anayoitaka. Atakayekosea asinifungulie mdomo habari ya magitaa mpaka Krismasi. Tumeelewana?"

Wakaelewana. Ni nani angekataa? Kukataa ni kukiri kwamba masikio yamezeeka.

Magurudumu yakazunguka. Kwanza pakaja mvumo, kisha milio ya bilauri, kisha kicheko cha mwanamke aliyekaa mbali, na ndani ya mvumo huo, bila kubisha hodi, gitaa likaingia. Lilikuwa bluzi ya taratibu. Nyuma yake ngoma ilikuwa ikijikokota, mara mbele, mara nyuma, lakini gitaa halikuijali. Lilisema neno lake, likangoja, likasema jingine.

Neville hakungoja hata mzunguko wa kwanza uishe. Aliinuka, kidole juu, uso uking'aa kama wa mtu aliyeitwa kwa jina na malaika.

"Clapton! Haya, nileteeni nyundo! Huyo ni Clapton wa mwanzo kabisa, kabla hajapata pesa, kwenye kilabu fulani hapa hapa kwetu. Sikieni, sikieni hiyo! Ametoa ishara... sasa anakata. Mnaona? Nani mwingine ana subira kama hiyo? Naapa. Naapa kwa leseni yangu, ambayo haijapata doa hata moja tangu niipate, huyo ni Clapton."

"Ni Beck!" Colin alipiga kelele. "Ile noti imepindwa mpaka imetoka jasho! Clapton hapindi hivyo!"

"Clapton, nimeapa! Ila jamani," na hapo Neville akakunja uso, akatega sikio, "huyo mpiga ngoma wamemwokota wapi? Mnamsikia? Anapiga kama mtu anayeshusha kabati kwenye ngazi. Hee, limemponyoka tena. Maskini Clapton! Ningekuwa yeye ningemfukuza kabla wimbo haujafika nusu. Mtu kama huyo hata leseni ya baiskeli nisingempa."

Na Roy? Tumtazame Roy. Roy alikuwa ameliacha jicho lake kwenye msumari na sikio lake kwenye kinasa sauti, akijiandaa kusema Green, kwa kuwa kila Jumanne alisema Green, na sauti ile kweli ilimkumbusha. Kisha gitaa likapanda kuitafuta noti ya juu. Likaikaribia. Kidole kikateleza, kikaangukia noti isiyohusika, na badala ya kuikimbia, gitaa likakaa palepale juu ya kosa, likalivuta, likalibembeleza, mpaka kosa likawa ndilo jambo lililokusudiwa.

Bia ikamkwama Roy kooni. Kile kidole alikijua. Kilikuwa kwenye mkono wake wa kushoto, kidogo cha mwisho, na wakati huohuo kilikuwa kimeshika bilauri. Alipoipiga noti ile alikuwa na miaka kumi na tisa, shati la zambarau la kuazima, na joto la ukumbi ule wa nyuma lilikuwa limelowesha nyuzi. Ilikuwa siku ileile. Nje lilikuwa limeegeshwa gari la mikate.

Oh, ni vita gani vilivyopiganwa ndani ya fulana ya sufu aliyoivaa Roy! Upande mmoja walijipanga wapanda farasi wa Adabu, wakisema: sema Green, Roy, ushindwe kwa heshima, umalize bia yako, uende nyumbani. Upande wa pili alisimama askari mmoja tu, kijana, mwenye shati la zambarau. Kwa maana kusema kweli kulikuwa ni kuivunja ile sheria ya kwanza, na kwa karne na karne hakuna mwana wa Surrey aliyetamka "ni mimi" mbele za watu isipokuwa kwenye simu.

"Na wewe, Roy, mpenzi?" Maureen aliuliza. Alikuwa akimtazama kwa namna ya pekee. "Green?"

Roy akatua bilauri.

"Ni mimi," alisema.

"Hapana, zamu ya kununua bia ni ya Colin," Neville alisema.

"Sisemi bia. Gitaa. Anayepiga hapo ni mimi."

Colin alipaliwa na njugu, na ikabidi apigwe mgongoni, na hilo ndilo jeraha pekee la vita hivi. Neville hakucheka. Alimwekea Roy mkono begani, taratibu, kama alivyowawekea wale waliogonga mti katika mtihani wake.

"Roy. Ndugu yangu. Jana ulilala vizuri?"

"Nililala."

"Mkeo Beryl anajua kwamba uko hivi?"

"Ni mimi, Neville," Roy alisema, na sauti yake ikawa kubwa kuliko alivyokusudia, "na kile kidole kiliteleza kwa sababu ya jasho."

Wimbo ukaisha. Makofi machache yakasikika, ya watu wenye bilauri mkono mmoja, kisha ndani ya mvumo pakatokea sauti ya mwanaume, nzito na ya uchangamfu, sauti ambayo wote watatu waliijua ingawa mwenyewe alizikwa zamani. Ilikuwa sauti ya Ted Pask.

"Haya, haya, mnajitahidi. Hao ni Vinyozi wa Usiku. Roy Tidmarsh kwenye gitaa, kwenye ngoma Neville Skeggs. Soseji zimebaki tatu. Na yule aliyeifunga baiskeli yake kwenye mlango wa choo, tafadhali aje aifungue, kuna watu wanateseka."

Maureen alizima mashine. Alibaki ameweka kiganja juu yake. "Huyo ndiye baba," alisema. "Nimeisikiliza tangu Jumapili. Nilitaka na nyinyi mumsikie."

Mvua iligonga dirisha. Katika chumba cha pili, mzee wa fumbo la maneno alisikika akigeuza ukurasa.

"Neville," Roy alisema. "Siku ile, pale nje, kwenye gari la mikate, uliniambia mimi si Clapton."

"Nilisema hivyo?"

"Ulisema. Na leo umeapa kwa leseni yako kwamba mimi ndiye."

"Na yule mpiga ngoma..." Colin alianza, machozi ya njugu yakiwa bado mashavuni.

"Nyamaza, Colin."

"...anayeshusha kabati..."

"Colin, nyamaza!"

Neville Skeggs aliinuka, na ilionekana kwamba angeondoka. Hakuondoka. Alikwenda kaunta, na ingawa zamu ilikuwa ya Colin, akarudi na bilauri tatu zilizojaa, jambo ambalo katika nchi ile halifanywi ila mtu anapooa au anapotoka kuzika. Akaziweka mezani bila kumwaga tone. Akaketi. Akaitazama bia yake, akazungumza nayo, maana kumtazama Roy hakuweza.

"Nilijua ungetuacha," alisema. "Wewe ungekwenda London. Ungepata mpiga ngoma wa kweli, mtu anayejua kuhesabu mpaka nne. Mimi ningebaki na mjomba wangu na mikate."

Roy alifikiri kidogo. "Pengine ningekwenda."

"Basi ndiyo hivyo."

Roy alitaka kukasirika. Hasira ilikuwa haki yake, tena alikuwa amekaa muda mrefu bila kuitumia. Aliitafuta kila mahali ndani yake, kama mtu anayetafuta miwani, na hakuiona. Alichokikuta ni furaha, furaha tele ya kitoto, kwamba muda wote huo mtu mmoja duniani alikuwa amemsikia akipiga na akaogopa. Akameza funda kubwa la bia. Lilipita vizuri, halikugusa kitu.

"Si mbaya," Neville alisema.

"Bia?"

"Lile gitaa." Neville alikuwa mwekundu mpaka masikioni, na kila herufi ilimtoka kama jino kwa Colin. "Lile gitaa lako. Si mbaya."

Sikieni, enyi milima! Tulieni, enyi mabasi ya kuelekea Epsom! Maneno ambayo makasisi wawili waliyakosa, ambayo mke wa ndoa aliyakosa hata alipoegesha gari kinyumenyume katika mvua ya mawe, hayo ndiyo yaliyotamkwa mbele ya mashahidi katika baa ya Bata Bukini!

Lakini vita vya watu wale haviishi bila kipengele cha sheria. "Kuna tatizo," Colin alisema, akifuta macho. "Kwa haki kabisa, Roy hakumtaja Green. Amejitaja yeye. Kwa hiyo inayopaswa kupanda ni picha ya Roy."

"Sina picha ya Roy," Maureen alisema. "Na nikiwa nayo wateja watauliza huyu ni nani, amekufa? Nilisema picha anayoitaka. Roy, mpenzi, unamtaka nani?"

Roy akaivua foronya. Akapanda kitini, magoti yakilia kwa zamu, na Neville Skeggs, adui wa Bethnal Green, mlinzi wa mipaka ya Surrey, alikishikilia kiti kwa mikono miwili ili kisiyumbe. Peter Green akapanda ukutani, kijana mwenye nywele nyingi na macho yaliyoinama, juu ya Ukungu wa Asubuhi.

"Imelalia kushoto," Neville alisema kutoka chini.

"Haijalalia."

"Imelalia. Na Clapton asingeteleza kwenye ile noti."

"Asingeteleza," Roy alikubali, akishuka. "Ndiyo maana haikuwa yake."

Hivyo ndivyo ulivyotwaliwa Msumari, Jumanne, mvua ikinyesha, kabla ya saa ya dawa. Na iandikwe katika tarehe za Surrey, baada ya habari za wafalme waliopita hapo kuwinda na kabla ya habari za mafuriko, kwamba Roy Tidmarsh, Mtandika Mazulia, Simba wa Magoti, alisema "ni mimi" mbele za watu akiwa na akili timamu, na mbingu hazikuanguka. Watoto wa shule na wafundishwe. Njia ipitayo mbele ya baa ile na ipewe jina lake, au kama gharama za kibao ni kubwa, basi wapitao na wainamishe kichwa kidogo, watadhaniwa wanakwepa mvua.

Shujaa alirudi nyumbani kwa miguu, foronya tupu mfukoni, akatundika koti, akavua viatu mlangoni kwa ajili ya zulia ambalo alilitandika mwenyewe. Beryl, mkewe, alikuwa akifuma soksi mbele ya televisheni, wala hakuinua macho.

"Baa ilikuwaje leo?"

Roy alilifikiria jibu lake, akiwa ameinua uso kuutazama mlango mdogo wa darini.

"Si mbaya," alisema.

Sindano zikamwanguka Beryl. Akazima televisheni, akasimama, akamshika mumewe mikono yote miwili.

"Mungu wangu, Roy! Kumetokea nini?"